Nilimufunga patron wangu viatu miezi mine, kumbe ni mimi nilikuwa namuweka kitandani

Wakuu, amani kwenu wote.

Mi niko Buja, Bujumbura hapa, nimekaa kwenye cyber moja ya mutaa wa Asiatique, nimelipa saa moja na couvre-feu, ile amri ya kutotoka usiku, haingojeaka mutu. Kwa hiyo naandika mbio. Yote nitakayosema hapa nilikuwepo, sikuambiwa na mutu. Na pale nilikosa mimi, nitasema nilikosa mimi. Ni mahali mingi.

Ndugu za Dar na Mombasa, musicheke Kiswahili yangu. Shule niliachia njiani kwa sababu ya hii vita, mengine nilijisomesha kwa magazeti ya kufungia sambusa. Ukitaka kunisahihisha, ngoja nimalize kwanza.

Hii ni habari ya mugongo.

Patron wangu ni fundi wa nguo, muislamu wa Buyenzi, tumuite Fundi Sadala. Mashini yake iko kwenye baraza ya duka hapa Asiatique, miaka mingi, watu wengi wa mujini wameoa na suti zake. Mi niliingia kwake nikiwa mudogo. Sisi tulikuwa mutaa wa Cibitoke, ikafika siku hatukuweza kubaki Cibitoke, nikajikuta Buyenzi peke yangu na shati moja. Huyu muzee akanipa kazi ya kutoa mishono. Hakuniuliza mi ni mutoto wa nani, wa kabila gani. Wakati ule hiyo swali ndio ilikuwa inaulizwa kwanza, kila mahali, na ukijibu vibaya basi. Yeye aliniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo mutu akimugusa Fundi Sadala, amenigusa mi. Muelewe hapo, ndio mutaelewa ujinga wangu.

Sasa, mugongo.

Ilianza kidogo kidogo. Mutu anainama kwenye mashini toka asubuhi mpaka saa kumi, miaka thelathini, lazima kitu iseme. Kisha siku moja aliinua furushi la vitambaa, akabaki vilevile ameinama, jasho inatoka. Maumivu ilishuka mpaka kwenye paja. Tulimurudisha nyumbani kwenye mukokoteni.

Mama Zaina, bibi yake wa ndoa, akatandika matela, lile godoro, kwenye salon ya kupokelea wageni. Hapo ndio alilala. Miezi mine.

Kuna infirmier, muuguzi wa mutaa, alikuwa anapita na sakoshi yake kupiga sindano. Anapiga, siku mbili muzee anacheka. Ya tatu analia. Anapiga tena. Kisha tumbo ikaanza kumuwaka kama amekunywa pilipili, anakula uji tu. Na kila sindano ni pesa, na mashini imefunikwa na shuka, haifanyi kazi. Muhesabu wenyewe.

Na mi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa namuhudumia, wakuu. Hiyo ndio kazi niliifanya kuliko kazi yote ya maisha yangu. Asubuhi kabla ya kwenda baraza namuletea beseni, namuosha uso, namuvalisha shati, namuinua akae, namufunga viatu. Ndiyo, viatu. Mutu amelala matela na viatu ya kamba miguuni, maana hapa kwetu wakati ule milio ya bunduki ikianza hakuna anayetafuta viatu. Waliokimbia bila viatu tuliwaona walivyofika. Nilikuwa nafunga kamba mara mbili, nakaza.

Akitaka maji, nimeshafika. Akitaka kugeuka, namugeuza. Akisema "acha nijaribu", namuambia, patron, mi niko hapa kwa nini?

Nilikuwa najisikia mutu wa maana sana.

Kisha kuna wageni. Nyie wa Buyenzi munajua. Mugonjwa akilala, mutaa wote unakuja kumuangalia, na sukari kilo moja kwenye mufuko. Sasa mugonjwa inabidi waone amelala. Siku moja muzee alijisikia nafuu, akakaa kwenye kiti mulangoni. Akapita mama mumoja jirani.

"Eh, Baba Zaina, kumbe umepona?"

"Nafuu kidogo, mama."

"Nafuu ya kukaa mulangoni? Na sukari yetu je?"

Alikuwa anacheka, lakini Mama Zaina hakucheka. Toka siku ile, sauti ya mugeni ikisikika kwenye lango, Mama Zaina anasema, "Lala, lala, watu wanakuja," na muzee analala. Wageni wakitoka, wengine wameshaingia. Kutoka adhuhuri mpaka magharibi mutu hana nafasi ya kuinuka kwa sababu ya adabu.

Hapo akatokea mukwe wake, bwana ya Zaina, kutoka Kigoma. Mutu muzuri, simusemi vibaya. Alimuangalia baba mukwe wake pale chini akasema, "Baba, hapa vita, hapa ugonjwa. Nitarudi baada ya mwezi na nusu nikuchukue, ukae kwetu. Mashini tuuze, inazeeka bure."

Muzee aligeuza uso ukutani. Na ujue kwake kugeuka peke yake ilikuwa kazi.

Wakuu, ile siku sikulala vizuri. Mashini ikiuzwa, muzee atakuwa mutu wa kulishwa na kijiko kwenye nyumba ya mukwe wake. Mutu ameshonea suti nusu ya Bujumbura.

Ndio Mama Zaina alisikia kuna dispensaire moja ya masista ina chumba ya kine. Kine ni daktari wa mazoezi, hana sindano, anatumia mikono na mazoezi. Bei yake, alisema, mara moja ni chini kuliko sindano moja. Mi nikasema kitu ya bei ndogo hivyo haiwezi kuwa dawa. Lakini twende.

Tulichukua taxi mpaka kwenye lango. Kutoka langoni mpaka chumba, nilimubeba mugongoni. Niliingia naye kama naingiza sultani.

Chumba yenyewe, nilishangaa. Nilikuwa nangoja mashini za umeme. Kulikuwa na meza moja ya mbao, mikeka, mipira ya ndani ya baiskeli imefungwa kwenye dirisha, na chupa za jus zimejazwa muchanga, zimepangwa juu ya benchi. Basi. Ndani kulikuwa na watu wa vita. Kijana mumoja hana mguu, anajifunza magongo. Dada mumoja mukono yake risasi ilipita, anavuta ule mupira wa baiskeli, anahesabu kwa Kirundi, machozi inatoka, haachi.

Kine alikuwa mama mufupi, Madame Spes. Aliniangalia na muzigo wangu.

"Kwa nini unamubeba?"

"Ni mugonjwa, madame."

"Miguu yake iko wapi?"

"Iko."

"Basi iweke chini."

Nilianza kupandwa na hasira hapo hapo, lakini nikamuweka chini.

Alimupima vizuri, nisimunyime haki yake. Alimulaza, akainua mguu mumoja umenyooka, kisha wa pili. Akagonga magoti na kinyundo kidogo. Akapitisha vidole kwenye nyayo, "unasikia hapa, na hapa?" Akamuuliza kuhusu mukojo, kama unamushinda. Muzee akaona haya, akasema hapana. Madame akatuambia, kama ungekuwa umekushinda, au miguu imekufa ganzi, au hapa kati ya mapaja husikii, ningekutuma hospitali kubwa leo leo, si kesho. Shikeni hiyo, wakuu, hiyo si ya kucheza.

Kisha akasema, "Baba, mugongo yako haijavunjika. Imekauka kwa kukaa bila kazi. Utatembea. Leo mpaka kwenye kona ya nyumba, kesho mbele kidogo. Na nitakuonyesha mazoezi matatu."

"Na sindano?" nikauliza.

"Sindano hapana."

Akaangalia viatu ya muzee. Akainama akavuta ile kamba niliyokaza.

"Nani anamufunga?"

"Ni mi," nikasema. Kwa kiburi, wakuu. Kifua mbele. "Asubuhi namufunga, namuvalisha, namuosha, namuinua. Sijamuacha afanye kitu hata siku moja."

Madame Spes akasimama.

"Basi wewe ndio ugonjwa yake."

Mi nina hasira, nimezaliwa nayo. Sikumbuki yote nilisema. Nilisema tumekuja kutafuta dawa si kutukanwa. Nilisema chumba gani hii ya daktari, muchanga na mipira ya baiskeli, hata watoto wa mutaani wanacheza na vitu vizuri kuliko hivi. Na nilipiga teke ile benchi ya chupa. Zikaanguka zote, mbili zikapasuka, muchanga ukamwagika kwenye mukeka ya yule dada wa mukono.

Yeye hakuacha kuhesabu. Hiyo bado inaniuma.

"Okota," Madame Spes akasema, taratibu tu.

Sikuokota. Nilimubeba patron wangu nikatoka.

Ndani ya taxi muzee aliangalia dirishani mpaka tukafika kwenye lami ya Buyenzi. Kisha akasema, "Dezi, wewe umenipenda vibaya."

Nikafikiri ni maumivu inamusemesha.

Zikapita kama wiki tatu. Mugonjwa kwenye matela, wageni, sukari. Infirmier alirudi, na tumbo ya muzee ikawaka tena. Mutu mumoja akaja baraza kuangalia mashini, akakanyaga pedali yake kama ameshainunua. Nilimufukuza, lakini nilijua atarudi, na mwezi na nusu unaisha.

Sasa sikieni.

Ilikuwa asubuhi, kama saa ine, niko baraza nanyoosha suruali ya mutu. Milio ikaanza upande wa juu ya muji. Si mbali kama siku zote. Maduka yakafungwa, unasikia tu vyuma vya milango inashuka mumoja baada ya mwingine. Mi nikaacha pasi na makaa yake vile vile, nikakimbia.

Nilikuwa na kitu moja kichwani. Mama Zaina ameenda soko. Muzee yuko peke yake kwenye matela, na asubuhi ile nilikuwa nimechelewa. Sikuwa nimemufunga viatu.

Hiyo ilinikaa kichwani njia yote. Sikuwa nimemufunga viatu.

Nikaingia kwenye uwanja wa nyumba nimeshainamisha mugongo tayari kumubeba. Matela ilikuwa tupu. Nikaita. Nikaangalia chini ya meza, kwenye chumba, hakuna. Nilifikiri wamemuchukua.

"We nani unapiga kelele?" Sauti ikatoka nyuma ya jiko.

Nikaenda. Nyuma ya jiko kuna ukuta wa matofali, ndio mahali tulikuwa tunajificha wote. Fundi Sadala alikuwa pale, amekaa juu ya kinu kilichogeuzwa, mugongo kwenye ukuta, anatoka jasho. Na miguuni amevaa viatu. Zimefungwa. Fundo moja, fundo la fundi, safi kuliko langu.

Nilichuchumaa nikaiangalia ile kamba. Milio inaendelea kule juu, mi naangalia kamba.

"Nani alikufunga?"

"Unaona mutu hapa?"

"Na ulifikaje?"

"Na miguu. Nilidhani mugongo itakatika kama kijiti. Iliuma, Dezi, iliuma sana. Lakini haikukatika." Akaanza kucheka ile kicheko ya kujizuia. "Miezi mine nangoja ikatike."

Nilikaa chini kwenye majivu ya jiko karibu naye. Nililia, sitaficha. Milio ikanyamaza kabla ya adhuhuri. Mama Zaina akarudi salama na mboga zake, akakuta mugonjwa wake amesimama kwenye lango anamungoja. Akaangusha kikapu.

Jioni ile muzee alisema kesho anarudi kwa yule mama mufupi. "Na wewe utakuja," akaniambia, "na utakuja na adabu."

Niliomba siku moja. Nilichukua baiskeli ya jirani mpaka Kajaga, kwenye ufuko wa ziwa, nikajaza muchanga safi kwenye chupa ine za jus. Mbili nilizovunja, na mbili za kuongeza. Wavuvi wakaniuliza, kijana, unajenga nyumba ya panya?

Tulipofika, muzee alitembea mwenyewe kutoka langoni. Pole pole, anashika ukuta, anasimama, anaenda. Mi nyuma, mikono mifukoni, kwa sababu nikiitoa nitamushika.

Madame Spes hakutuangalia uso. Aliangalia viatu.

"Nani amefunga?"

"Mimi," akasema Fundi Sadala.

Kisha madame akanigeukia. Nikaweka chupa zangu kwenye benchi. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kuomba radhi, mi mutu wa maneno, munaniona hapa. Ilitoka moja tu.

"Pole, madame."

"Ule muchanga bado uko chini ya ile mukeka," akasema. "Ufagio uko kona."

Nikafagia. Yule dada wa mukono hakuwepo siku ile. Nilimuona wiki nyingine, nikamuomba radhi na yeye. Akasema, "Sha, uliniharibia hesabu, nilirudia toka moja." Kumbe alikuwa anacheka.

Sasa dawa yenyewe, kwa wenye mugongo:

Muzee alikuwa anaenda kwa madame mara moja kwa wiki. Siku zingine zote nyumbani, bure. Kulala chali, magoti yamekunjwa, kuinua kiuno taratibu. Kuvuta goti moja kwenye kifua, kisha la pili. Kusimama, mikono kwenye kiuno, kujinyoosha nyuma kidogo. Na kutembea. Kwanza mpaka kona, kisha mpaka musikiti, kisha musikiti na kurudi. Ikiuma kidogo anaendelea, ikizidi anapunguza, lakini hasimamishi kabisa. Lakini msimuige bila kupimwa, kila mugongo ina yake.

Na mi nilipewa kazi yangu. Madame alisema, "Wewe kazi yako ni kukaa."

Wakuu, hiyo ndio kazi ngumu nimewahi kupewa. Kukaa kwenye kigoda, kumuangalia mutu unayemupenda anajifunga viatu robo saa nzima, anahema, kamba inamuponyoka, anaanza tena. Nilikuwa nakalia mikono yangu. Kweli, nilikuwa naikalia.

Mama Zaina naye alibadilika. Wageni wakija, anawaambia, "Muko na bahati, anatoka kutembea, mumusindikize." Wengine walimusindikiza kweli. Wengine sukari ikaisha.

Baada ya wiki kadhaa madame akamuruhusu kurudi kwenye mashini, lakini na sharti. Asikae zaidi ya nusu saa bila kuinuka. Shida, fundi akishika kazi hana saa. Nikasema mi nitakuwa namuita. Wote wawili wakaniangalia.

Ni muzee mwenyewe alifikiria. Kwenye baraza tuna radio ya kaseti, anapendaka taarabu ya zamani. Kaseti upande moja ni nusu saa. Akaniambia niitoe radio karibu na mashini, niiweke mwisho wa baraza, juu kabisa kwenye rafu ya vitambaa. Upande ukiisha, kimya. Hawezi kushona kwenye kimya. Lazima ainuke, atembee mpaka kule, ajinyooshe mikono juu, ageuze kaseti, arudi. Madame Spes alikuja siku moja kuona. Aliangalia ile rafu, akacheka mpaka akaketi.

Mukwe alirudi kama alivyosema, ila alichelewa wiki chache. Alipita nyumbani, akaambiwa baba yuko kazini. Akafikiri wanamutania. Akaja Asiatique, akasimama mbele ya baraza na mufuko wake wa safari, anamuangalia baba mukwe wake anakanyaga pedali.

"Baba, nilikuja kukuchukua."

"Naona," akasema Fundi Sadala, na sindano mudomoni. "Suruali yako imefumuka chini. Vua nikupigie mushono, jifunge hiki kitambaa."

Na mukwe, mutu muzima kutoka Kigoma, akakaa kwenye baraza amejifunga kitambaa cha maua, anangoja suruali yake. Watu wanapita wanamusalimia.

Hapo kaseti ikaisha. Kimya.

Mi nilikuwa nimesimama chini ya rafu kabisa, mukono ukaenda wenyewe. Ulishafika kwenye kifuniko cha radio.

"Dezi."

Nikageuka. Muzee alikuwa anainuka, mukono moja kwenye meza, anajinyoosha pole pole.

"Toa mukono. Hiyo dawa ni yangu."

Nikautoa. Akapita mbele ya mukwe wake, akafika, akanyoosha mikono, akageuza upande wa pili mwenyewe.

Mukwe alirudi Kigoma na suruali yake. Mashini iko pale, naiona kutoka hapa nilipokaa, niko naisikia.

Sitawadanganya kwamba maumivu imeisha yote. Wakati wa mvua inamukumbuka, siku ingine anatembea kama bata. Lakini tumbo imepona, infirmier hapiti tena, na asubuhi kila mutu kwa ile nyumba anajifunga viatu yake.

Mi niliyojifunza ni haya tu: kumupenda mutu si kumufanyia kila kitu. Kuna siku kumupenda ni kukalia mikono yako. Kwa mutu wa hasira kama mi, ni somo ya bei, ingawa kine yenyewe haikuwa ya bei.

Saa yangu inaisha na mwenye cyber ananiangalia. Wewe mwenye mugonjwa wa mugongo nyumbani, uniandikie hapa chini: nani anamufunga viatu? Na mwenye kujua zoezi la shingo aliweke, maana muzee sasa anasema ni zamu ya shingo yangu, nimemuinamia miezi mine. Kesho nikipata pesa ya cyber nitasoma yote. Wenye matusi pia nitawasoma, ila hao nitawajibu.